Lebo za Bi Dorcas

Walinipa ufagio na funguo saba:
jumba la makumbusho, Hull, Novemba ya ukungu.
Chini, nyangumi, mifupa mitupu.
Juu, ndege elfu kumi na moja wamelala chali,
macho ya pamba, miguu imefungwa uzi,
na katikati yao mwanamke mfupi, miwani puani,
akanyanyua mmoja mwenye mdomo mrefu uliopinda:
"Huyu, kwenu, nani?"
Sululu, nikamwambia. Jina lake
na la chombo cha kuchimbia mtaro ni moja.
Akacheka mpaka miwani ikaanguka,
akaandika kwa penseli, nyuma ya lebo: sululu.

Baba yake alipasua samaki bandarini;
alinuka chewa hadi kanisani.
Yeye, miaka tisa, aliokota chini ya mnara wa taa
ndege waliojigonga usiku kwenye mwanga
(thelathini na wawili asubuhi moja, alihesabu),
akawabeba katika aproni ya mama, akachapwa kwa madoa.
Kumi na saba, akaajiriwa kupiga taipu.
Akachuna ngozi, akajaza pamba, akashona
tumbo la korongo kwa mshono usioonekana.
Lebo ikasema: Kazi ya Bwana Pickersgill.
Bwana Pickersgill hakujua kushika sindano.
"Ukanyamaza?" nilimuuliza.
"Niliandika jina lake vizuri, kila herufi.
Hasira nayo ina mwandiko wake."

Usiku wa mabomu alisukuma mayai ya kozi
katika kigari cha mtoto wa jirani,
mayai sitini, juu yake blanketi.
Askari akamulika tochi: "Mtoto hajambo?"
"Amelala," akajibu, akaenda zake.
Lilivunjika moja. Aligundisha vipande,
akaandika: Kosa langu.

Miaka kumi na nane baadaye yakaja mengine,
yamepondeka chini ya mama zao wenyewe.
Akapima maganda, ya kale na ya sasa.
Ya sasa: ngozi ya kitunguu.
Sumu ya mashambani, akaandika. Barua kumi na tatu.
Majibu mawili; moja lilimwita "Bwana".
Sisi husema ndege mjanja hunaswa na tundu bovu.
Hatukusema lolote juu ya ndege
anayeponda wanawe kwa kuwaatamia.

Hatimaye wakamfanya mhifadhi mkuu, nywele nyeupe tayari.
Kitu cha kwanza: droo ya mia mbili na tisa
akaibandika neno moja, Sijui.
Humo waliingia wasiotambulika, wasio na tarehe,
na bawa moja lisilo na mwenyewe.
Wakubwa waliona haya.
Wageni wote yeye aliwaanzishia hapo.

Mwaka wake wa mwisho, tunakula mkate bustanini,
akaniuliza: "Mwanasiti, yule mdogo wa taji la manjano,
yupo msonobarini?"
Yupo.
"Anaimba?"
Nikamtazama. Ndege alikuwa juu ya vichwa vyetu,
koo lote linatetemeka,
na Bi Dorcas ameelekeza sikio kule kule, anangoja.
Anaimba, nikasema.
"Anaimbaje?"
Nikajaribu. Kama gurudumu la baiskeli ya mtoto
lililokosa mafuta, linazunguka, linazunguka,
halafu linajikwaa kwenye jiwe, basi.
Akatikisa kichwa polepole, kama mtu
anayesomewa barua kutoka nyumbani.
Akamalizia mkate wake. Makombo akawamwagia shomoro.

Jumatatu nilikuta lebo mezani,
uzi wake haujafungwa mguu wowote:

Taji-manjano, dume, hai.
Msonobari wa lango la mashariki.
Sauti imesikiwa na Mwanasiti Kombo.
Mimi, D. T., nilikuwepo. Sikusikia.